Debe Lisilosogea

Mtaa wetu haukuwa na jina. Watu wa kisiwani wakituuliza tunakaa wapi tulisema Kisauni, wakiuliza Kisauni ya wapi tulisema kwenye madebe, nao walielewa. Ulikuwa uchochoro mmoja wa nyumba za udongo na makuti, nyumba kumi na kitu kila upande, zikitazamana kwa ukaribu hata mtu akipiga chafya upande huu aliombewa rehema upande wa pili. Nje ya kila mlango, kando ya baraza, yalipangwa madebe ya mafuta ya taa, masufuria yaliyotoboka, vyungu vilivyovunjika midomo na karai la mwashi lililokwisha kazi. Ndani yake mlikuwa na mrehani, asumini, mnanaa, mchaichai, mpilipili, mshubiri, na mawaridi mawili matatu ambayo hayakulipenda jua letu lakini hayakuachwa yapumzike.

Asubuhi, kabla jua halijaingia uchochoroni, mwuza kahawa alipita akigonganisha vikombe vyake, na akina mama walitoka na maji waliyooshea mchele kuyanywesha madebe. Maji safi hayakumwagiwa mmea. Yalinunuliwa kwa wachukuzi, na mtu aliyeonekana akimwagia asumini maji ya kunywa angesemwa mpaka Ramadhani. Mchana watoto walikanyaga mnanaa na kupigwa. Alasiri wasichana walichuma asumini ambazo zingefunguka jioni, wakazitunga vikuba vya kuvaa, na uchochoro mzima ulinukia kama nyumba ya harusi, ingawa mfereji wa maji machafu ulipita katikati yake.

Siku hizi wajukuu zangu hupanda maua kwenye makopo vibarazani, na nikiwaeleza habari za mtaa ule huniambia, kumbe bibi mlikuwa na bustani nzuri. Hunikera. Hatukupanda kwenye madebe kwa kuyapenda madebe. Tulipanda humo kwa sababu ardhi haikuwa yetu.

Nyumba zilikuwa zetu. Kila mtu alijenga yake kwa nguzo zake, udongo wake na makuti yake. Lakini ardhi yote ilikuwa ya bwana mmoja aliyekaa kisiwani, ambaye mpaka leo sijui sura yake. Tulimlipa kodi ya ardhi, na sharti lake kubwa lilikuwa moja: usipande mti. Mnazi, mwembe, mkorosho, mndimu, chochote kinachoshika chini na kudumu, hapana. Mti ni shahidi. Mwenye mti aliweza siku moja kusimama mbele ya kadhi akasema, huu niliupanda mimi, nilipeni. Kwa hiyo wenye ardhi waliiogopa miche kuliko wezi. Kilichokuwa ndani ya debe kilihesabiwa kuwa chombo cha nyumbani, sawa na kinu au kibao cha mbuzi cha kukunia nazi, kwa kuwa kiliweza kubebwa.

Msimamizi wa yule bwana alikuja kila baada ya miezi kadhaa. Alikuwa mtu mzima mwenye kanzu safi, koti jeusi na bakora, na adabu yake haikuwa na kasoro. Alimsalimu kila mtu, akaulizia wagonjwa kwa majina yao, na huku akisalimu alilisukuma debe moja moja kwa ncha ya kiatu. Debe likisogea, alipita. Mtaa mzima ulikaa kimya ukisikiliza madebe yakikwaruza chini, mlango kwa mlango, mpaka atokee upande wa pili.

Ndiyo sababu kila Ijumaa asubuhi, baada ya kufagia, madebe yaliinuliwa. Uliliinua debe, ukatazama chini yake, ukaona mzizi mweupe umechungulia ukaukata, kisha ukaliweka shubiri moja pembeni. Mahali lilipotoka palibaki alama ya mraba, yenye unyevu na jongoo wadogo waliojikunja. Kila msichana wa mtaa wetu alijifunza kuinua madebe kabla ya kujifunza kusonga ugali. Nyumbani kwetu kazi hiyo ilikuwa yangu.

Baba alikuwa fundi wa kuezeka. Mapaa mengi ya Kisauni na Mtopanga yalipita mikononi mwake, na alipopita njiani aliyatazama yale ya mafundi wengine kwa huruma ya waziwazi. Mwaka ule tulioanza kusikia habari za vita vya Wazungu, aliteleza kwenye paa la nyumba ya watu akaangukia mgongo. Kutoka kiunoni kwenda chini akawa hana habari napo. Nilikuwa na miaka tisa. Tulimlaza kwenye kitanda cha kamba kando ya dirisha la uchochoroni, na hapo alikaa miaka yote iliyofuata, akiwaona wapitao kuanzia kifuani kwenda chini, akiwajua kwa vikoi vyao na miguu yao.

Hakuwa mtu wa kulalamika. Alitaka kitu kimoja tu, na alikisema kwa kila aliyekuja kumtazama: atoke kwa mlango wake. Ile nyumba aliijenga mwenyewe kabla ya kumwoa mama, na mlango aliupima kwa jeneza. Watu wengine walikuwa na milango myembamba, maiti wao hulazwa ubavu kupitishwa, na yeye alikuwa ameyaona hayo akaapa hayatamfika. Alikuwa ameshanunua na sanda yake, imekunjwa sandukuni pamoja na kafuri. Alitaka afe chini ya makuti aliyoyafunga mwenyewe, na wanaume wa mtaa wamtoe amelala sawasawa, bila kumlaza ubavu. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayeagiza samaki sokoni, nasi tulizoea.

Tangu aanguke chakula kilimshinda. Mama alimpikia uji, baba akaugusa kwa midomo akaurudisha. Kilichomfanya aunywe kilikuwa ndimu. Akikamuliwa ndimu nusu, alimaliza bakuli. Wakati wa vita vitu viliadimika, ndimu zilipatikana leo na kesho zisipatikane, kwa hiyo mama alitwaa mbegu moja akaitia kwenye debe. Kuna walioguna, kwamba mndimu ni mti. Mama akajibu kwamba mti ulio debeni ni debe. Msimamizi alipopita alilisukuma, likasogea, akamwombea mgonjwa afya.

Mndimu ulikua mpaka ukafika dirishani kwa baba. Mwaka wa tano ukatoa maua, na baba akawa na kitu cha kutazama zaidi ya viuno vya watu. Lakini debe nalo lilikuwa limezeeka. Kutu ilikuwa imekula kitako chake, na debe jingine halikupatikana, kwani wakati ule watu waliyapasua madebe wakaezekea. Jirani mmoja alimletea mama kopo kubwa kutoka kambi ya askari. Mama aliliosha mara saba, ya kwanza kwa mchanga, kwa kutojua lilitiwa nyama ya nini, na baada ya yote hayo likaonekana dogo. Likatiwa mpilipili.

Ijumaa moja niliinua debe la mndimu nikaona mzizi mnene kama kidole umepenya kwenye kutu. Niliukata kwa kisu cha samaki, kama nilivyofundishwa. Kabla wiki haijaisha majani yalijikunja, na ndimu changa, ndogo kama gololi, zikaanguka zote. Baba akageukia ukutani. Uji ukarudi ulivyokwenda, siku ya kwanza, ya pili, ya nne. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na niliona wazi kabisa kwamba namuua baba yangu kwa kisu cha samaki.

Mti ulipona baada ya miezi, ukachanua tena. Na mzizi nao ukarudi. Safari hii nililiinua debe kidogo tu, nikauona, nikaliteremsha taratibu mahali palepale. Nilifagia kulizunguka, nikayasogeza mengine yote, na mama aliporudi kuuza mahamri akauliza kama nimeyainua, nikajibu nimeyainua yote. Hakutazama. Sikuwa na sifa ya uongo, na hiyo ndiyo iliyotumaliza.

Ijumaa zikaenda. Mndimu ukashamiri kupita kiasi. Majani yakawa meusi yanayong'aa, matawi yakashika ukingo wa makuti, na ukazaa ndimu hata tukawagawia majirani. Baba alikunywa uji asubuhi na jioni, mashavu yakamrudi. Mama alimshukuru Mungu. Mimi nilishukuru kwa mdomo, na ndani nilikuwa na hofu isiyoniacha hata nikila.

Aliyegundua alikuwa jirani yetu wa mlango wa mbele. Alitoka vijiji vya bara, nyuma ya pwani, mke wa kibarua wa bandarini, Mkristo, na rafiki mkubwa wa mama. Baba yake alikuwa mkulima. Siku moja alisimama mbele ya mti akalishika jani kwa vidole viwili.

"Mwanangu," aliniambia, "mti huu wanywa maji usiyoupa wewe."

Niliinama nikaokota majani makavu.

"Ukate mzizi leo. Mimi nimezaliwa shambani, najua ninaloliona."

"Ndimu hizi zikiiva, shangazi. Zikiiva nitaukata."

Alinitazama, akatazama dirishani kwa baba, akaondoka bila kumwambia mama. Ndimu hazikuiva zote kwa pamoja. Zilipoiva hizi, zile zilikuwa ua, na daima palikuwa na sababu ya kungoja.

Msimamizi alikuja Jumanne, jua likiwa utosini. Nilisikia madebe yakikwaruza tangu mwanzo wa uchochoro, nikaja kusimama mlangoni. Mama alikuwa barazani akipepeta mchele.

"Salaam aleikum. Mgonjwa hajambo?"

"Hajambo, alhamdulillahi," mama alijibu.

Kiatu kilisukuma mrehani, ukasogea. Kikasukuma mpilipili kwenye kopo la askari. Kikafika kwenye mndimu, kikasukuma, kikasukuma tena.

"Bibi, hili mbona haliendi?"

"Ni zito, bwana. Lamwagiwa maji kila siku."

Akaliegemezea bakora akalisukuma kwa uzito wake wote. Halikutikisika. Milango ya jirani ilikuwa imeshajaa watu.

"Wallahi," mama alisema, "sikupanda mti kwenye ardhi ya mtu. Madebe yote haya huinuliwa kila Ijumaa. Muulize huyu."

Akanigeukia. "Mwanangu, huliinui?"

"Abee, mama. Naliinua."

Nilisema hivyo mbele ya mtaa mzima, na mama akanisadiki. Akaweka ungo chini, akalikumbatia debe kwa mikono miwili ili amwonyeshe yule bwana, akavuta. Debe likaja. Lilitoka bila kitako, kutu ikapasuka pembeni, mama akabaki amelishika kifuani. Udongo ulibaki chini umesimama mraba, sura ileile ya debe, na mndimu juu yake haukuinama hata kidogo.

Msimamizi alichuchumaa, akachokora udongo kwa ncha ya bakora mpaka ukaonekana mzizi mkuu, mnene kama kifundo cha mkono wangu, ukienda chini kuelekea chini ya nyumba.

"Mumepanda," alisema. Hakuwa na hasira. "Mwezi ujao ukiandama, nisiwakute. Nguzo zenu na makuti ni yenu, chukueni."

Mama hakunitazama wakati ule. Aliniangalia baadaye, watu walipokwisha kutawanyika, mara moja tu, kisha akaingia ndani kuleta panga. Aliukata mndimu siku ileile. Nilingoja anipige. Nilingoja siku nyingi, nilikuwa nazitaka fimbo zile kama mtu mwenye kiu, na hazikuja. Mpaka anaingia kaburini mama hakuniuliza swali hata moja juu ya Ijumaa zile.

Kesho yake alivaa buibui akavuka daraja kwenda kisiwani, akakaa kwenye ngazi za mwenye ardhi tangu asubuhi mpaka alasiri. Mtumishi alitoka mara mbili kumwambia bwana amepumzika. Mara ya tatu alimletea maji, na maneno kwamba akisamehewa mmoja, mwaka kesho Kisauni nzima itakuwa shamba la watu. Mama alikunywa yale maji akarudi kwa miguu.

Mtaa nao ulibadilika. Zamani madebe yaliinuliwa Ijumaa, sasa yaliinuliwa kila siku, na kabla mwezi haujafika nusu watu walianza kuyaondoa kabisa. Mmoja alimwaga asumini yake yenye umri wa miaka minane. Mwingine alimpa mbuzi mrehani. Hawakutulaumu usoni, walikuwa watu wa heshima, lakini walipopita mbele yetu waliharakisha. Uchochoro ukabaki na mabaraza matupu na harufu ya mfereji, ambayo kumbe ilikuwapo siku zote.

Baba alikuwa amesikia kila kitu pale dirishani. Jioni ya kwanza alisema, "Hapana neno. Kabla ya mwezi kuandama, inshallah, nitakuwa nimeshawaondokea." Alisema kwa wema, kama mtu anayejitolea kuketi chini ili mgeni apate kiti. Asubuhi yake akakataa uji. Mama akamwambia kwamba mwenye kujinyima chakula ili afe amejiua, na aliyejiua aulizwe na Mola wake, asimletee yeye mambo hayo. Baba akafikiri, akalichukua bakuli. Akala. Na akila, akapata nguvu.

Nitasema jambo ambalo sijapata kumwambia mtu. Niliomba afe. Kila baada ya sala nilinyanyua mikono nikaomba baba yangu afe kabla ya mwezi kuandama, kwa upole, kitandani kwake, ili atoke kwa mlango wake. Naamini mama naye aliomba hivyo, kwani siku moja nilimkuta ameianika sanda juani, akaona nimeiona, akaikunja upesi. Tulimpikia vizuri, tukamgeuza ubavu, tukampaka mafuta mgongoni, na sote wawili tukamtazama kila alfajiri kuona kama bado anapumua. Alikuwa akipumua. Kikohozi kilichomsumbua mwaka mzima kilimwacha wiki ile. Alianza hata kuomba samaki.

Siku iliyotangulia mwandamo wakaja vijana watatu wa mtaani pamoja na mume wa jirani yetu kuvunja nyumba. Baba hakutaka kutolewa nje kwanza. Alisema watamharibia makuti. Akabaki kitandani, tukamsogeza katikati ya chumba, nao wakapanda paani juu yake.

"Anzeni kileleni," aliwaamrisha. "Mkianza chini mtayararua. Kateni kamba, msivute. Hilo kuti ni kiraka cha mwaka jana, lina miaka mingine mitano."

Walimtii. Makuti yalishuka safu baada ya safu, jua likaingia kwa vipande, kwanza miguuni pake, halafu tumboni. Vumbi na masizi ya miaka mingi yalimwangukia usoni, mama akawa anayafuta. Lilipokuja kuondolewa la mwisho baba alilala akitazama mbingu nyeupe ya saa tano bila kupepesa. Nilijificha nyuma ya ukuta nikalia mpaka nikatapika.

Tulikuwa tumepata chumba kwa binamu ya mama, upande wa Mtopanga. Nguzo na makuti yalikwenda kwa mkokoteni. Baba alikwenda kwa kitanda chake, wanaume wanne wakishika miguu ya kitanda mabegani, na kwa kuwa jua lilikuwa kali mama alimfunika shuka nyeupe mwili mzima, akamwachia uwazi mdogo wa kuvuta hewa. Mlangoni walipita wima, bila kuinama. Mlango ulikuwa umebaki fremu tu. Sisi wanawake tulifuata nyuma, mbali kidogo, na vyombo vichwani.

Walipotoka uchochoroni na kushika njia kubwa, palikuwa na wazee wanacheza bao. Waliona kitanda mabegani, shuka nyeupe, watu wanne wanaokwenda haraka kimya. Waliinuka wote. Mmoja akavaa viatu, akaja mbio, akaingiza bega chini ya kitanda kumpokea kijana wa nyuma, na wa pili akampokea wa mbele, kama inavyotakiwa jeneza la Mwislamu likipita. Wakaanza kusoma. Mwenye duka akateremsha ubao wa mlango nusu. Kinyozi akamwacha mteja na povu shingoni akaja naye, akatembea hatua zake, akapokezana, akarudi. Kila tulipopita watu walitoka. Njia ilijaa kofia nyeupe na sauti za shahada, na kitanda kikaenda juu ya mikono kama hakina uzito.

Mume wa jirani yetu alishika mguu wa mbele na hakujua la kufanya. Alinisimulia mwenyewe baadaye. Alitaka kuwaambia kwamba mtu yu hai. Alipogeuza kichwa alisikia sauti ya baba kutoka chini ya shuka, ndogo sana, karibu na sikio lake.

"Usiwaambie."

Basi akanyamaza. Wale watu walimsindikiza mpaka nyumba zilipokwisha, wakarudi mmoja mmoja kwenye bao na maduka yao, na hakuna aliyeuliza, maana makaburi nayo yalikuwa upande ule.

Chumba cha Mtopanga kilikuwa cha nyuma, hakina dirisha. Baba aliishi humo mwaka na miezi kadhaa. Siku za mwanzo alikuwa mchangamfu. Alimwambia mama kwamba ameyaona mazishi yake na yalikuwa na watu. Halafu akanyamaza, na ukimya ule haukumwacha tena. Siku moja nilipokuwa nikimlisha aliushika mkono wangu uliokuwa na kijiko.

"Ijumaa zote zile," alisema, "nilikuwa nikikuona."

Nilidhani ataninyooshea kidole. Nikamwambia anisamehe.

"Nikusamehe nini. Nilikuona hulisogezi, nikasema moyoni leo nitamwambia. Halafu nikasema, ziive hizi kwanza."

Akafungua mdomo apewe uji. Sikupata nafuu niliyoitegemea. Mpaka siku ile nilikuwa nadhani kosa ni langu peke yangu, na nilikuwa nimejifunza kulibeba. Tulipokuwa wawili likawa zito zaidi, kwa sababu nilimwona jinsi alivyokuwa akiteseka nalo amegeukia ukutani huku mimi nikidhani amelala.

Alikufa wakati wa masika, mchana, mvua ikinyesha. Mama akamtuma binamu yake Kisauni kuwaarifu watu wa mtaa wetu na wote wa njia kubwa, waje kuzika. Binamu alikwenda nyumba kwa nyumba, duka kwa duka, akitaja jina la fundi wa kuezeka. Kwenye bao walimtazama kwa mashaka. Kinyozi alimwambia kwamba amekosea mtu, fundi yule alikufa mwaka jana, yeye mwenyewe alimshika begani. Mwenye duka alisema vivyo hivyo, akamwombea marehemu rehema. Katika uchochoro wetu wa zamani nusu ya nyumba zilikuwa na watu wageni, na wanaume waliotujua, mume wa jirani yetu akiwamo, walikuwa kazini mpaka magharibi.

Hatukuweza kuwangoja mpaka magharibi. Walikuja wanaume wanne: binamu ya mama, mwalimu wa chuo cha Kurani cha jirani, na wapita njia wawili waliokuwa wamejikinga mvua barazani kwetu. Njia ilikuwa tope, na hapakuwa na wa kupokezana nao. Nilisimama mlangoni nikawatazama mpaka mwisho wa migomba, na kabla ya kufika pale walikuwa wameshamtua chini mara tatu.